Na Yule Mwingine?

Mwaka 2025 walikufa waigizaji wawili wa Marekani ambao nyumbani kwetu Mwakingali, hapa Voi, tuliwahesabu kama majirani. Val Kilmer alitangulia mwezi Aprili. Robert Redford akafuata Septemba. Habari ya huyo wa pili niliipata kwa mpwa wangu aliye kidato cha pili. Alikuja uani na simu mkononi, akanionyesha picha ya mzungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, akauliza, "Mjomba, huyu si yule wa kanda za babu?"

Ndiye. Kanda zenyewe ziko kwenye boksi la kabati ya nguo ya Mama, chini ya blanketi la baridi ambalo Voi hulihitaji labda wiki mbili kwa mwaka. Ziko kumi na moja, za VHS, na kila moja ina karatasi nyeupe iliyoandikwa na Baba kwa herufi kubwa zilizosimama wima, zile zile alizokuwa akiandikia vitabu vya safari kazini. Ziko mbili ambazo alizipenda na kugombana nazo kuliko zote: *Out of Africa* na *The Ghost and the Darkness*. Zote mbili zinahusu pande zetu. Ndiyo maana alizinunua, na ndiyo maana hazikumpa raha.

"Tuziangalie," mpwa wangu akasema.

"Deki imekufa zamani."

"Kwani fundi hakuna?"

Fundi yupo. Nitafika kwake. Lakini kwanza nieleze kwa nini miaka hii yote sikuwa na haraka ya kuitengeneza ile deki.

Baba alikuwa gadi wa treni za mizigo. Alipanda behewa la mwisho, Mombasa hadi Voi, Voi hadi Mtito Andei, akarudi. Kazi ya gadi, alivyotueleza sisi watoto, ni kuhesabu. Treni ikisimama, unashuka na taa yako, unatembea ukihesabu mabehewa mpaka kichwa cha treni, unarudi ukihesabu tena. Ukiondoka na mabehewa 24, ufike na 24. Ukifika na 23, hakuna mtu atakayekuuliza habari ya hayo 23. Utaulizwa moja liko wapi.

Televisheni yetu ilikuwa Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi. Deki aliinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa akihama. Mwakingali ya miaka ya tisini si nyumba zote zilikuwa na stima, kwa hiyo Jumamosi usiku sebule yetu ilijaa. Watoto chini kwenye mkeka, akina mama kwenye makochi, vijana mlangoni na dirishani. Wengi hawakufuata Kiingereza cha wazungu wale, hasa wakisema haraka, kwa hiyo Baba alitafsiri. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu wao, aliyekuwa akiwasimulia watu picha kwa Kiswahili. Siku hizi Kenya nzima inamjua DJ Afro. Sisi tulikuwa na gadi wa treni, rimoti mkononi, akisimamisha kanda kila baada ya dakika chache ili aseme alichosema mzungu, kisha aseme alichopaswa kusema.

Hilo la pili ndilo lililotuudhi. Picha ikisimamishwa kwenye deki ile haikutulia. Ilitetemeka, mistari myeupe ikakatiza uso wa mtu, na sisi tukabaki tumeachama tukimngoja Baba amalize.

*The Ghost and the Darkness* ilitoka mwaka 1996. Val Kilmer ni John Henry Patterson, yule mhandisi aliyeletwa mwaka 1898 kujenga daraja la reli juu ya mto Tsavo, akakuta simba wawili wanakula wafanyakazi wake. Kutoka kwetu hadi kwenye daraja hilo hata saa moja kwa gari huimalizi. Baba alikuwa amelivuka usiku na mchana, mara zisizo na idadi. Mto ulipoonekana tu kwenye kioo, alibonyeza.

"Hapo si Tsavo. Tsavo majani yake ni ya kijivu. Hapo ni Marekani."

Hakuwa sahihi kila mara, Mungu amrehemu. Picha ile ilipigwa Afrika Kusini. Lakini si Tsavo kweli, na gadi aliijua njia yake hata kwenye televisheni isiyo na rangi.

Simba walipotokea, alibonyeza tena. "Hawa wana manyoya ya shingoni kama simba wa kwenye sarafu. Simba dume wa Tsavo shingo yake tupu." Hapo alikuwa sahihi kabisa. Wale simba halisi, Patterson alimuua mmoja tarehe 9 Desemba 1898 na wa pili tarehe 29, na mwaka 1924 akaziuza ngozi na mafuvu yao kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Wako huko mpaka leo, ndani ya kioo, hawana manyoya ya shingoni.

Kisha ikaja hesabu. Watu wangapi waliliwa? Filamu inataja idadi kubwa, kwa kuwa Patterson mwenyewe baadaye alitaja watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya wale simba walikadiria mwaka 2009 kwamba walikula kiasi cha watu 35. Lakini ndani ya kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson aliandika jambo ambalo nililisoma nikiwa mtu mzima, nikafunga kitabu kwa muda. Anasema Wahindi waliouawa hawakupungua 28. Waafrika nao walikuwa wengi, lakini hakuna rejista rasmi iliyowekwa ya idadi yao.

Baba hakuwa amesoma kitabu hicho. Alikuwa ameiona filamu tu, na aliuliza swali hilo hilo kwa njia yake: "Hawa wenye kilemba tumeona wanahesabiwa. Na wengine?"

Hiyo ilikuwa Desemba 1998. Miaka mia kamili tangu simba wale wauawe, ingawa pale sebuleni hakuna aliyelitaja hilo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimefunga shule, nimerudi na marafiki wawili wa bweni waliokuja kulala kwetu kabla ya kupanda gari la Taveta asubuhi. Jumamosi iliyofuata tuliwekewa *Out of Africa*.

Hii ni ya mwaka 1985. Iliongozwa na Sydney Pollack, ilipigwa hapa Kenya, na ilizoa tuzo saba za Oscar. Meryl Streep ni Karen Blixen, yule mwanamke wa Denmark mwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Robert Redford ni Denys Finch Hatton, mwindaji, mpenzi wake, mwenye ndege ndogo. Ni picha ndefu, dakika 161, na kwa mtoto wa miaka kumi na tano hakuna kinachotokea. Ila ndege. Ndege tuliipenda. Walipopaa wawili juu ya ziwa, ndege wa majini wakatawanyika chini yao, hata Baba hakubonyeza.

Halafu karibu na mwisho, Denys anaaga kwamba anasafiri. Tunamwona Karen akingoja. Anayekuja si Denys, ni mume wake wa zamani, Bror, naye analeta habari: Denys amekufa, ndege imeanguka Tsavo.

Baba akabonyeza. Uso wa Streep ukakwama pale, ukitetemeka.

"Na yule mwingine?"

Hakuna aliyejibu.

"Ndege hiyo ilianguka hapa. Hapa Voi, si huko Tsavo wanakosema. Wazee wetu walituonyesha upande wenyewe. Na ndani walikuwa wawili. Mzungu na kijana wake, Mtaita. Waliungua wote. Huyu mmoja wamemletea habari zake nyumbani. Na yule mwingine?"

Rafiki yangu mmoja alicheka, si kwa ubaya. Mimi nikasikia joto shingoni. Nilikuwa nimewaambia wale wenzangu njia nzima kutoka shuleni kwamba kwetu kuna deki, kuna kanda, wataona. Nikasema, mbele ya sebule nzima, "Baba, hii ni sinema tu. Watu wamekuja kuona, si kusomeshwa. Bonyeza pley, bwana."

Neno "bwana" ndilo lililosimama hewani. Kwetu mtoto hamwambii babaye bwana. Mama aligeuza shingo akanitazama. Baba hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono akaiweka rimoti mapajani mwangu kama mtu anayekabidhi zamu.

"Haya," akasema. "Onyesha wewe."

Akatoka nje.

Nikabonyeza. Picha ikaendelea, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna wa kutafsiri. Walikuwa kaburini, mlimani, watu wachache na upepo. Karen ana kitabu mkononi, anasoma. Mama akauliza, "Anasema nini?" Kiingereza changu cha kidato cha pili kilifika mahali kikakwama. Nikasema, "Anasoma Biblia, Mama." Akina mama wakaitikia kwa kichwa, mmoja akasema maskini, na kanda ikaisha.

Baba hakugombana nami, si siku ile wala siku nyingine. Ila kuanzia Jumamosi iliyofuata, watu wakishakaa, aliwasalimia, akahakikisha watoto wana nafasi, akachukua kiti chake akakaa barazani. Mimi nikawa mwenye rimoti. Nilitafsiri nusu, nusu nikabuni. Polepole watu wakapungua. Baadaye zikaja DVD za filamu kumi ndani ya sahani moja, deki ya VHS ikawekwa juu ya kabati, na boksi la kanda likaingia chini ya blanketi. Baba alistaafu, akahesabu mbuzi badala ya mabehewa, na mwaka 2011 tukamzika kwa babu zake, Sagalla.

Miaka kadhaa baada ya msiba nilikuwa nikisoma habari za Finch Hatton, kwa sababu ya kazi nyingine kabisa, nikaikuta imeandikwa wazi. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 ndege yake aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka uwanja wa Voi, ikazunguka, ikaanguka, ikawaka moto. Waliokufa ni wawili: Denys Finch Hatton, na mtumishi wake Mkikuyu, jina lake Kamau.

Nilikaa na sentensi ile muda mrefu. Baba alikosea kabila. Mtu yule hakuwa Mtaita, na nafikiri wazee wa Voi walimfanya Mtaita kwa kuwa amefia kwao na hakuna mwingine aliyejitokeza kumdai. Lakini hesabu ya Baba ilikuwa sawa. Ndege iliondoka na wawili. Picha iliyopata Oscar saba ilimfikisha mmoja.

Finch Hatton ana kaburi Ngong, lina nguzo ya mawe iliyojengwa na kakake, watalii hupanda kulitazama. Kamau nimemkuta akitajwa kwa jina moja tu.

Sasa fundi. Yupo karibu na soko, anatengeneza redio, pasi na simu, na nilipoitua ile deki juu ya meza yake alicheka kama aliyekutana na mwanafunzi mwenzake wa zamani. Mkanda wa mpira wa ndani ulikuwa umelegea, hedi imeota kuvu. Aliisafisha kwa spiriti na pamba, akatafuta mkanda mwingine kwenye kopo la vyuma chakavu. Siku tatu. Alinipa pia nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu.

Jumamosi ile Mama alipika kimanga, akavaa miwani, akakaa kochini. Tulikuwa watatu tu.

Jambo la kwanza lililotushtua ni rangi. Kanda ilikuwa na rangi miaka yote hiyo, sisi ndio tuliokuwa na Great Wall. Ndege ilipopaa juu ya ziwa, wale ndege wa majini walikuwa heroe, waridi tupu, maelfu. Mama akasema, "Kumbe!" Mimi nilikuwa nimejiandaa kuidharau ile picha. Nilikuwa na hoja zangu: Waafrika wanaopita nyuma na trei, Farah ambaye kazi yake ni kungoja, nchi nzima iliyogeuzwa pazia la mapenzi ya wazungu wawili. Hoja zote bado ni za kweli. Lakini muziki wa John Barry ulipopanda na ile ndege, koo lilinibana, na sikuona sababu ya kumficha mpwa wangu. Picha inaweza kuwa nzuri na ikawa imemwacha mtu njiani. Baba alilijua hilo. Asingezinunua kanda hizo kama alizichukia, na alizitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Rimoti nilimpa mpwa wangu. Nilitafsiri mimi, kwa Mama, pole pole. Tulipofika pale Bror anapoleta habari, nilijikuta nimenyamaza. Mpwa wangu akabonyeza mwenyewe. Uso wa Streep ukatetemeka vile vile, na mistari yake.

"Mjomba, ile ndege si ilikuwa na viti viwili? Kile kingine hakikuwa na mtu?"

Mama akanitazama kwa pembeni.

"Kilikuwa na mtu," nikasema. "Anaitwa Kamau. Ilikuwa hapa Voi, mwaka 1931." Nikamweleza yote niliyoyasoma, ambayo si mengi, pamoja na swali la babu yake na neno nililomjibu. Hakucheka. Aliuliza kama Kamau alikuwa na watoto. Nikasema sijui. Akabonyeza tukaendelea.

Pale kaburini Karen akafungua kitabu chake. "Anasoma shairi," nikamwambia Mama. "Shairi la kijana aliyekufa kabla hajazeeka."

"Uliniambia ni Biblia."

"Nilikuwa sijui, Mama."

"Babako alijua." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Ulidhani alikwenda wapi? Alikuwa hapo dirishani, nyuma ya vijana. Aliisikiliza mpaka mwisho. Usiku ule alicheka mpaka akakohoa. Alisema, kijana wako amemtia mzungu Biblia mkononi kwa nguvu."

Miaka ishirini na saba nilikuwa nimeubeba ule usiku kama mzigo wa chuma, na kumbe mwenyewe aliucheka kabla hajalala. Nikamuuliza Mama kile ambacho sikuwahi kumuuliza Baba. "Sasa mbona hakurudi kukaa nasi?"

Mama alivua miwani akaifuta kwa kanga.

"Rimoti ulikuwa nayo wewe," akasema. "Ulimrudishia?"

Sikuwa na jibu. Majina ya waigizaji yalikuwa yakipanda kwenye kioo, na mpwa wangu, kwa adabu, akayasoma yote kama mtu aliyepewa kazi. Kanda yenyewe ni ya dakika 180, kwa hiyo filamu ilipoisha zilibaki dakika kama ishirini. Kioo kilichafuka kidogo, kisha bila hodi akatokea Mzee Ojwang na Mama Kayai, kipande cha *Vitimbi* ambacho Baba alikuwa amekirekodi KBC kabla ya kuleta kanda hiyo kunakiliwa filamu juu yake. Tulikuwa hatujawahi kufika hapo. Siku zote tulizima majina yakianza.

Mama alicheka kwa sauti. Tulikiangalia kipande chote, mpaka kanda ikafika mwisho na deki ikajizima kwa kishindo. Mpwa wangu akainuka aitoe.

"Irudishe nyuma kwanza," Mama akamwambia. "Babu yako hakuweka kanda kabatini kabla ya kuirudisha."

Akabonyeza. Tukakaa tukiisikiliza ikirudi.